Kila Timu Ionekane Mara Moja

Nilikabidhi funguo za stoo Ijumaa iliyopita, na vijana wawili mliobaki ofisini mkaniomba niwaandikie mambo ya kupanga ratiba kabla sijayasahau. Nimekubali kwa woga. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu hupanda mlima kila ufikapo mwisho wa mstari. Nani alipandishwa cheo na lini, hayo yamo kwenye mafaili. Nitaandika yasiyomo. Mkiona nimejisifu mahali, pakateni. Mkiona nimemsingizia mtu, niambieni nirekebishe ningali hai.

Niliingia ofisi ya michezo hapa Malindi mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, mtu mzima tayari mwenye watoto watatu. Siku ya kwanza nilipewa debe la chokaa na kamba, nikaambiwa nikachore uwanja. Hakuna aliyenieleza kwamba ile kamba ina mafundo ya kupimia. Niliitumia kufungia debe, nikapima kwa hatua. Sasa, mimi ni mrefu, na upande wa kaskazini nilianza na nguvu zangu zote. Nilipofika upande wa kusini jua lilikuwa limenimaliza, hatua zimekuwa fupi. Jioni golikipa wa timu ya mjini akasimama katikati, akatazama lango hili, akatazama lango lile.

"Bwana," akaniuliza, "kule wanacheza wakubwa na huku watoto, au vipi?"

Nilifagia chokaa kwa kuti la mnazi nikaanza upya. Tangu siku ile kila kitu nimekipima mara mbili, na bado huondoka nikiwa na wasiwasi.

Aliyenifundisha ratiba ni Bwana Shee, karani aliyekuwapo kabla yangu. Mtu wa hapa mjini hasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa hata mimi, mtu wa Jilore, nilisita kufungua mdomo mbele yake. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," ingawa sidhani alinipita zaidi ya miaka kumi. Sikumkosoa. Nilipenda kuitwa hivyo.

Bwana Shee hakupanga ratiba kwenye karatasi. Alikuwa na ubao wenye misumari iliyogongwa kwa duara, na nyuzi za kudarizi alizotoka nazo nyumbani, maana alikuwa fundi wa kofia. Alinionyesha mara moja tu. Kila msumari ni timu. Uzi unaotoka msumari mmoja kwenda mwingine ni mechi. Rangi ya uzi ni Jumamosi: nyekundu ni Jumamosi ya kwanza, kijani ya pili, manjano ya tatu, na kuendelea. Kila msumari lazima uunganishwe na misumari mingine yote, kwa sababu kila timu lazima icheze na zote. Na kwenye msumari mmoja zisikutane nyuzi mbili za rangi moja, kwa sababu timu haiwezi kucheza mara mbili siku moja.

"Kwenye karatasi," alisema, "kosa hujificha kati ya majina. Kwenye ubao litakutazama usoni."

Alisema kweli. Makosa yangu yote makubwa yalitokea baada ya kuondoka ubaoni na kukaa kwenye taipureta. Msimu mmoja nilikata stensili nikaandika Mambrui na Mambrui, tukadurufu nakala, zikabandikwa mpaka sokoni. Nahodha wao hakugomba. Alikuja ofisini kwa upole kuuliza ni nani kati yao atakayevaa jezi za ugenini.

Bwana Shee alistaafu, akaniachia ubao. Msimu uliofuata ndio ninaotaka kuueleza, kwa kuwa ndio ulionifunza kazi.

Ligi yetu ilikuwa ya timu nne: Malindi mjini, Mambrui, Sabaki na Jilore. Kila timu hucheza na tatu nyingine, kwa hivyo Jumamosi tatu zilitosha, mechi mbili kila Jumamosi, zote saa kumi alasiri katika viwanja viwili tofauti. Najua mtauliza kwa nini zisichezwe kwa zamu. Jumamosi wachezaji wengi walitoka kazini saa saba, na jua la saa nane simtakii hata hasimu yangu. Ukianza mechi baada ya saa kumi na moja, utaimaliza kwa kupapasa. Jumapili kuna ibada, na lori letu moja lilikuwa halitoki.

Msimu ule akaja Bwana Faraj kutoka Mombasa, mteuzi wa wachezaji wa timu ya vijana ya mkoa. Timu hiyo haikuchukua mtu aliyepita miaka ishirini na mitatu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mmoja mfupi, na hakulalamika, nikampenda.

"Wewe ndiwe mwenye ratiba?"

"Ndimi, bwana."

"Basi sikiza. Nataka kuona kila timu mara moja. Si mara mbili, mara moja. Mwaka jana, mahali sitapataja, niliona timu moja mara mbili, nikachukua vijana wawili wa timu ile, nikaambiwa nimekula biriani yao."

"Ulikuwa umekula?"

"Nilikula. Lakini si ndiyo sababu!" Akacheka. "Timu nne, kila mechi ina timu mbili. Jumamosi mbili zanitosha?"

"Zatosha," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nne ukigawa kwa mbili ni mbili, na mtu wa darasa la nne akipata hesabu ya darasa la pili huwa na haraka ya kujibu. Sikuutazama ubao. Kesho yake nikawaambia manahodha wote wanne kwamba kila timu itaonekana na mteuzi mara moja, hakuna atakayezidi wala kupungua. Nilitoa neno langu.

Wawili kati ya manahodha hao walilishika neno lile kuliko wengine. Wa kwanza ni Charo wa Sabaki, beki mwenye kifua kama mlango, mkulima wa mahindi kule karibu na mto. Wa pili ni Kahindi wa Jilore, golikipa, mtoto wa shangazi yangu. Wote wawili walikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka ule ukipita, basi.

Jumamosi ya kwanza Bwana Faraj alitazama Malindi na Mambrui hapa mjini. Saa ileile Sabaki na Jilore walikuwa wanacheza kwao Sabaki, bila mgeni. Jumatatu akapiga simu kuuliza aende uwanja gani Jumamosi ifuatayo. Nikautazama ubao nimpe jibu, na jibu halikuwamo.

Jumamosi ya pili Malindi walikuwa na Sabaki, na Mambrui walikuwa na Jilore. Akienda kwa Sabaki, atawaona Malindi tena. Akienda kwa Jilore, atawaona Mambrui tena. Jumamosi ya tatu ilikuwa na ugonjwa uleule. Nilimwambia nitampigia, nikafungua nyuzi zote nikapanga upya. Nikafungua tena. Siku tatu sikula chakula cha mchana. Nilitafuta nyuzi mbili zinazogusa misumari yote minne, kila msumari mara moja, na rangi zake zitofautiane. Kila nilipozipata nyuzi mbili za namna hiyo zilikuwa rangi moja.

Mwisho nikaelewa kwa nini, na lilikuwa jambo la wazi kiasi cha kuona haya. Timu zikiwa nne na mbili zinacheza hapa, zile mbili zilizobaki hazina mwenzi mwingine siku ile isipokuwa wao kwa wao. Kwa hivyo mechi ya kuwaona waliobaki huchezwa saa ileile ambayo wewe umekaa kwengine. Siyo kwamba sikuipata njia. Njia haikuwapo, na mimi nilikuwa nimeiahidi.

Jumatano alasiri niliuchukua ubao kwapani nikaenda kwa Bwana Shee. Nilimkuta barazani kwake, sindano mkononi, anatoboa vitundu vya nakshi kwenye kofia.

"Shikamoo, Bwana Shee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ubao? Basi kuna msiba. Keti."

Nikamweleza. Alichukua nyuzi akajaribu mwenyewe, akajaribu tena, kisha akanirudishia.

"Hukukosea kupanga," akasema. "Umekosea kuahidi. Ungeniuliza kwanza."

"Kwani ulilijua hili?"

"Sikulijua. Lakini ungeniuliza ningekwambia ngoja nifikiri." Akavuta uzi. "Sasa nani hataonekana?"

"Sabaki au Jilore. Mmoja wao."

"Na wewe mtu wa wapi?"

"Jilore."

"Na golikipa wao?"

"Mtoto wa shangazi."

"Na umeshaamua mteuzi aende kwa Sabaki."

Sikuwa nimemwambia, lakini ndivyo nilivyoamua. Nilikuwa hata nimetunga maneno ya kumwambia Kahindi. Nilitaka asitokee mtu wa kusema mimi, Katana, nimebeba watu wangu.

"Kwa hivyo," akasema Bwana Shee bila kuinua macho, "kijana wa watu ataadhibiwa kwa kuwa mamake ni shangazi yako. Huo ndio uadilifu wenu wa ofisini siku hizi?"

Nilikunywa kahawa yake, nikarudi na ubao wangu.

Alhamisi asubuhi niliuweka mezani nikaangalia ile misumari mitupu. Ubao ule ulikuwa na misumari zaidi ya timu tulizokuwa nazo. Gede na Watamu walikuwa wameomba kuingia ligi mwanzo wa msimu, nasi tuliwakatalia kwa sababu ya lori. Nilijua pia kwamba Jumamosi ileile ya kwanza, wale wawili walicheza mechi ya kirafiki, maana walikuja kwangu kuazima filimbi. Nikachukua uzi mwekundu, nikaunganisha Gede na Watamu, nione tu inakuwaje.

Sasa nisomeni pole pole, na mkiweza gongeni misumari sita mfuatishe. Timu sita huhitaji Jumamosi tano, mechi tatu kila Jumamosi. Mteuzi atahitaji kuja mara tatu badala ya mbili. Nyekundu yake ishatumika: ameona Malindi na Mambrui. Zimebaki timu nne asizoziona, Sabaki, Jilore, Gede na Watamu. Tuseme aione Jilore na Watamu siku moja, na Sabaki na Gede siku nyingine. Je, mechi hizi mbili zaweza kuangukia siku moja, kama ilivyokuwa kwa timu nne? Haziwezi. Zikiwa siku moja, timu mbili zinazobaki ni Malindi na Mambrui, ambao siku hiyo watalazimika kucheza wao kwa wao, na wao walishacheza Jumamosi ya kwanza. Kwa hivyo rangi lazima zitofautiane. Nyuzi tatu, rangi tatu, misumari sita, hakuna msumari ulioguswa mara mbili. Mimi huuita upinde wa mvua. Nilifungua nyuzi nikazichanganya kwa makusudi, nikapanga ratiba nyingine na nyingine, na kila mara upinde ulitokea. Kwa timu nne haupatikani hata ukilia. Kwa timu sita hauwezi kuukosa hata ukitaka. Mimi ni mtu wa shaka, mke wangu atawaambia, lakini katika hili sina shaka hata chembe.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya watu, ambayo haina misumari.

Nilituma barua kwa makondakta wa mabasi, na alasiri manahodha sita wakafika. Nikasimama nikasema: "Niliwaahidi kitu kisichowezekana. Kosa ni langu, si la mteuzi wala la mtu mwingine." Kisha nikawaonyesha ubao.

Twaha, nahodha wa Malindi, ndiye aliyeanza. "Ala! Ratiba ishabandikwa kila ukuta, leo watuletea kazi ya useremala?"

"Wewe umeshaonekana, Twaha," akasema Kahindi. "Tuache wenzako tusikilize."

Lakini Charo alikuwa akiutazama ubao kwa makini, na alikuwa mtu wa kuona. Akaweka kidole kwenye uzi wa kijani. "Bwana Katana, hii kijani ni Jumamosi hii?"

"Ndiyo."

"Na inagusa Jilore na Watamu. Jilore waonekana keshokutwa, sisi Sabaki tungoje wiki nzima. Mteuzi akipata homa je? Akiitwa kwao je? Ataachwa nani hapo?" Akanigeukia. "Na huyu golikipa ni nani yako?"

Na Charo alikuwa na haki. Sikuwa nimekusudia, wallahi, lakini jicho langu lilikuwa limeanza na Jilore, na sikuligundua mpaka akaniambia. Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya wote. Kisha nikakata nyuzi mbili, kijani na manjano, nikazifumbata zionekane ncha nyeupe tu nilizozipaka chokaa. "Vuteni. Atakayepata kijani aonekane kwanza. Ubao hautajali, nitabadilisha majina ya misumari yenu miwili, basi."

Charo akavuta kijani. Kahindi akabaki na manjano, akaifunga kidoleni.

Nilidhani tumemaliza. Akasimama nahodha wa Watamu, Bwana Omari, mtu wa maneno machache.

"Ile mechi ya kirafiki na Gede yahesabiwa?"

"Yahesabiwa," nikasema. "Bila hiyo Jumamosi ya kwanza haina uzi wa tatu, na kila kitu chabomoka."

"Tulifungwa manne. Ilikuwa kirafiki, tukachezesha yeyote. Beki wetu wa kulia siku ile alikuwa mpishi wa hoteli, amevaa ndara."

Nahodha wa Gede akaangua kicheko, kisha akajizuia.

"Tulikuja hapa mara mbili kuomba," akaendelea Omari. "Mkasema hakuna lori. Leo lori lapatikana kwa kuwa nyinyi ndio wenye haja."

"Ni kweli," nikamwambia. Ningesema jingine ningekuwa mwongo.

Omari aliwageukia wale wawili. Akamtazama Charo, akamtazama Kahindi. Watu hawa hakuwajua.

"Andika," akasema. "Andika manne."

Vijana, katika kazi hii mtakutana na watu wengi watakaodai haki yao, na ni sawa wadai. Mkikutana na anayeipunguza yake ili wengine wapate zao, andikeni jina lake mahali. Mimi nimeliandika hapa.

Twaha naye, nisimwonee, ndiye aliyepata dereva wa pili wa kusaidia safari za Gede na Watamu, shemeji yake mwenye pikapu. Alilalamika njia nzima, lakini alimpata.

Nikampigia simu Bwana Faraj. Nilimweleza kosa langu na kumwomba Jumamosi ya tatu. Akauliza kama kuna biriani. Nikamwambia hakuna. "Basi nitakuja," akasema.

Jumamosi ya pili aliona Sabaki na Watamu. Charo alicheza siku ile kama mtu aliyepewa ukuta wa kulinda akaambiwa mwanawe yuko nyuma yake. Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha asubuhi, nikakaa mlangoni mwa ofisi nikiangalia barabara ya Mombasa na kujiambia kwamba nyuzi hazikunifunza chochote kuhusu matope. Saa nane gari lake likatokea. Tukaenda Jilore pamoja. Gede walifunga mawili. Yote mawili Kahindi alikuwa ametoka langoni, mpira ukapita juu yake ukaenda kulala wavuni taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani.

Bwana Faraj alichukua wawili: Charo wa Sabaki, na winga wa Gede aliyefunga yale mabao. Hakumchukua Kahindi.

Jumatatu Kahindi akaja ofisini. Nilisimama, nikiwa na yale maneno yangu ya pole niliyoyatunga wiki mbili nyuma kwa sababu nyingine.

"Kaka, aliniona?" akauliza.

"Alikuona dakika tisini. Hakugeuka hata kupiga chafya."

"Alisema nini?"

Ningeweza kumpunguzia. Sikumpunguzia. "Alisema una mikono, lakini unatoka golini mapema mno."

Alifikiri. "Mapema mno," akarudia. "Ni kweli. Mimi hutoka mapema." Hakuonekana kama mtu aliyekatwa, alionekana kama mtu aliyeambiwa mahali panapouma ni wapi. "Hajaniambia mtu hilo miaka yote. Jumamosi hii tuna nani?"

"Watamu."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Jumamosi ile nilipanda lori la wachezaji nikaenda kutazama, ingawa kazi yangu haikunitaka. Mteuzi alikuwa kwake Mombasa. Watamu walileta kikosi chao kamili, wakapiga mipira mirefu nusu ya pili yote. Mara mbili nilimwona Kahindi akiinua mguu kutoka, akaurudisha kwenye mstari, akangoja, mpira ukamfuata mikononi. Filimbi ilipolia alinitafuta kwa macho kando ya uwanja mpaka akaniona. Kwenye shajara yangu ya siku hiyo niliandika matokeo tu: Jilore moja, Watamu bila.